Alichokiona Dereva

Watu wa kliniki walimwita Bwana Dirisha, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mfamasia wa kliniki ya magonjwa ya akili, na kazi yake yote ilifanyika nyuma ya dirisha dogo la nondo, lililowekwa chini kidogo ili mkono upite na kupokea vidonge. Kutoka pale hakuona mtu mzima, ila vipande vyake. Aliona kidevu, vifungo vya shati na kiganja kilichofunguliwa. Ukimuuliza habari za mgonjwa fulani alikujibu, yule wa kucha zilizotafunwa? Anaendelea vizuri, anamaliza dozi. Kumaliza dozi ndiko kulikuwa kuendelea vizuri. Kipimo kingine hakuwa nacho, wala hakukitafuta.

Tusielewane vibaya. Dawa alizozitoa hazikuwa unga wa ngano. Wapo walioletwa pale wamefungwa kamba wakarudi makwao kwa miguu yao, wanasalimia majirani kwa majina. Bwana Dirisha aliwaona, na imani yake ilijengwa hapo, na mtu mwenye imani ya namna hiyo humwambii kitu. Utani wake ulikuwa mmoja tu, kila siku, kwa kila mtu: hiki asubuhi, hiki jioni, na maneno ya watu usiyameze kabisa. Foleni ilicheka. Hata wale waliokuwa wamesahau kucheka walicheka, jamani, na kwa hilo peke yake mtu angeweza kumsamehe mengi.

Sasa huyu Bwana Dirisha alikuwa na mdogo wake, tumbo moja ziwa moja, na huyo alikuwa dereva wa treni ya mizigo. Nyumbani na mitaani alikuwa Dereva tu, utadhani hakuna mwingine duniani. Madereva wa reli ile walikuwa na desturi yao. Sheria ilimtaka kila anayekaribia kivuko apige honi, lakini haikusema aipige kwa madoido gani, basi kila mmoja alikuwa na honi yake kama mtu anavyokuwa na mwandiko wake. Yupo aliyeipiga kama anakohoa, yupo aliyeivuta mpaka mbwa wakamwitikia. Ya Dereva ilikuwa mbili fupi na moja ndefu inayokatika ghafla. Walioishi kando ya reli waliijua. Mkewe aliijua zaidi ya wote, kwa sababu treni ilipita nyuma ya nyumba yao kabla ya kuingia stesheni. Akiisikia tu, sufuria inapanda jikoni. Mpaka mume akabidhi treni na kutembea kurudi, chakula kimeshaiva.

Asubuhi moja isiyo na ukungu wala mvua, Dereva alikikaribia kivuko cha watembea kwa miguu, pale palipotandikwa mbao kati ya chuma na chuma, akaona binti amesimama katikati ya njia. Alipiga honi. Alifunga breki. Lakini treni ya mizigo si baiskeli. Ukiifunga breki hapa inasimama kule, na katikati ya hapa na kule kuna mambo. Msaidizi wake, aliyekuwa kando yake, alifunika uso kwa mikono miwili. Kwa hiyo kilichotokea kilionwa na macho ya mtu mmoja tu.

Wakubwa wa reli walimwita wakamuuliza mwendo, honi na breki. Vyote vilikuwa sawasawa. Wakampa pole, wakampa mapumziko, wakamwonya asithubutu kwenda kwa wafiwa, maana siku za nyuma kuna dereva alikwenda akapigwa. Hakuna aliyemuuliza ameona nini.

Aliyeambiwa ni kaka mtu. Bwana Dirisha alifika asubuhi ya pili yake, akamkuta mdogo wake ameketi ukingoni mwa kitanda na nguo za kazi, hajazivua. Macho mekundu. Chai imepoa na imetanda utando juu.

"Kaka, aligeuka," alisema Dereva. "Alikuwa anavuka tu. Kiatu kilibanwa kati ya ubao na chuma, akainama anauvuta mguu, akaniangalia. Alikuwa anataka kutoka, kaka. Hakutaka kufa yule. Nipeleke kwa mama yake nikamwambie."

Haya, maneno ndiyo hayo. Hayakuwa mengi, wala hayakuwa na fumbo. Mtu yeyote aliyeketi kwenye kigoda pale chumbani angeyaelewa. Angevaa viatu, angemshika mtu mkono, wangekwenda. Lakini Bwana Dirisha aliyasikia kwa masikio ya kazini. Alisikia kwamba mgonjwa hajalala, hajala, anatetemeka, anarudia jambo moja. Alimshika bega akamwambia atulie, akatoka uani kwa shemeji yake, mkewe Dereva, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, wampeleke mapema. Shemeji alikubali. Angekataaje? Ndugu ya mumewe ni mtu wa dawa, na yeye ni mshona mashuka. Angeanzia wapi kubishana?

Daktari wa kliniki ile hakuwa mtu mbaya, naomba hilo liwekwe mahali pake. Alikuwa mtu aliyechoka. Foleni yake ilianzia mlangoni kwake ikakunja kona mpaka kwenye bomba la kunawia, na kila mtu kwenye foleni ile alikuwa na mkasa wake wa kujaza siku nzima. Dereva alipoanza, "Daktari, yule binti," Daktari aliinua kiganja taratibu, akamwambia watafika huko. Hawakufika. Alimuuliza usingizi, akamuuliza chakula, akamuuliza kama anasikia vitu ambavyo wengine hawavisikii. Dereva alisema anasikia honi. Hata kama hakuna treni? Hata kama hakuna. Daktari akaandika.

Kisha akawaeleza, na alieleza vizuri. Ubongo ni kiungo kama ini, kama figo. Una maji yake na chumvi zake, zikizidi au zikipungua mtu anaona yasiyostahili kuonwa na kuyang'ang'ania. Mwenye kisukari mnamlaumu? Hamumlaumu, mnampa dawa. Na huyu hivyo hivyo. Bwana Dirisha alikuwa ameyasikia maelezo yale tangu ujana wake, lakini siku hiyo yalimwingia kama maji baridi kwenye koo kavu. Alishusha pumzi. Kumbe hakuna aliyekosa. Kumbe halihitajiki jambo lolote zaidi ya kumeza. Nadhani, na Mungu anisamehe kama namsingizia, alifurahi pia kwamba hatalazimika kukaa na mdogo wake kwenye ukingo wa kile kitanda na kumtazama yule binti akigeuka.

Ndipo ikaanza safari ya vidonge. Kila baada ya muda Dereva alipelekwa kliniki, akaketi kwenye benchi la mbao na wenzake, akaitwa, akaulizwa usingizi na chakula. Usingizi ulikuja, hilo halina ubishi, na shemeji alimshukuru Mungu. Lakini asubuhi, kabla dawa haijamshika, Dereva bado alisema: kiatu. Nipelekeni kwa mama yake. Aligeuka. Na kila siku ya kliniki Bwana Dirisha, kwa uaminifu wa mtu anayempenda ndugu yake, aliingia kwa Daktari kabla ya mgonjwa akatoa taarifa: bado anakirudia kiatu. Daktari alitikisa kichwa kwa huruma, akaongeza dozi.

Shemeji alijaribu mara moja. Alikuwa anakunja mashuka ya watu, akauliza bila kuinua macho kama kungekuwa na ubaya gani mtu akipelekwa tu kwa huyo mama, aseme, arudi. Bwana Dirisha alimjibu kwa upole ule unaoudhi kuliko matusi. Alimwambia kufanya hivyo ni kuulisha ugonjwa. Ukimpeleka leo kwa sababu ya kiatu, kesho ataomba apelekwe kwa sababu ya kofia. Tena wakubwa wa reli wamekataza. Shemeji akasema sawa, funika kombe mwanaharamu apite, akaendelea kukunja. Dereva alikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Alisikia kila neno.

Tangu siku hiyo walianza kumfundisha. Sisemi kwa ubaya, walidhani wanamsaidia. Akisema kiatu, shemeji anamwambia, huo ni ugonjwa mume wangu, unakumbuka Daktari alivyosema. Akisema aligeuka, kaka mtu anamwuliza, ni wewe unayesema au ni ugonjwa? Mwanzoni Dereva alibisha. Aligonga meza. Mara moja alilia mpaka akakaa chini sakafuni, anasema, nilikuwa pale, mimi ndiye niliyekuwa pale, nyinyi mlikuwa wapi? Na hayo pia yalipelekwa kwa Daktari, yakapata kidonge chake.

Katikati ya mambo hayo ndipo yule mama alipokuja.

Ilikuwa saa ya foleni ndefu. Bwana Dirisha alinyoosha mkono kupokea karatasi ya dawa, badala yake akaona kiganja kitupu, kiganja kipana chenye kovu la moto kutoka kidole gumba mpaka kwenye kifundo cha mkono. Alisema utani wake. Kiganja hakikucheka. Aliinama kutazama juu kupitia nondo, akaona mwanamke mtu mzima, khanga imefungwa vizuri kichwani, uso mkavu. Mwanamke alimwambia yeye ni mpishi wa shule, na kwamba binti aliyegongwa na treni ni wake. Ameulizia huku na kule mpaka akaambiwa dereva anatibiwa hapa na kaka yake ni wa dirishani.

"Sikuja kugombana, mwanangu," alisema. "Watu wanasema binti yangu alijipeleka. Msibani walikuwa wananong'ona, na hata aliyemwombea aliomba kwa haraka haraka. Mwanao akigongwa unalia ukapona. Mwanao akijipeleka, wewe mama ulikuwa unatazama wapi? Mimi nataka kumuuliza dereva jambo moja. Alisimama akasubiri, au alitaka kutoka?"

Jibu lilikuwa kwenye ulimi wa Bwana Dirisha. Alikuwa amelisikia asubuhi ile ile. Alikuwa amelisikia asubuhi zote. Lilikuwa na maneno machache kuliko utani wake. Lakini mtu huwezi kulitoa mbele ya mfiwa jambo ambalo wewe mwenyewe umelipeleka kwa Daktari mara zote kama dalili. Kwake lilikuwa halina tofauti na mgonjwa anayesema redio inamtaja jina. Akafanya alichofundishwa: akamlinda mgonjwa.

"Mama, mdogo wangu anaumwa," alisema. "Anachosema siku hizi si yeye, ni ugonjwa unaosema. Usikitilie maanani."

"Kwani anasema nini?"

"Hayana maana, mama. Pole sana."

Nyuma ya yule mama mtu akauliza kama foleni imelala. Kiganja chenye kovu kilikaa pale kwenye ubao wa dirisha kidogo, kisha kikaondoka. Bwana Dirisha akamhesabia vidonge mgonjwa aliyefuata, akakosea, akaanza upya. Jioni alimwambia Daktari kwamba wafiwa wameanza kumsaka mgonjwa. Hakumwambia shemeji. Kwa Dereva hakuthubutu hata kugusia.

Mwaka ulizunguka, na Dereva akapona.

Ndivyo walivyosema, na kwa vipimo vya pale alikuwa amepona kweli. Alilala usiku kucha na nusu ya mchana. Alinenepa mpaka mashati yakamkataa. Mikono ilimtetemeka kidogo na mate yalimkusanyika pembeni mwa mdomo, lakini hayo Daktari alishayaeleza. Kiatu hakukitaja tena. Ukimuuliza anajisikiaje alisema vizuri. Ukimuuliza anataka nini alifikiri sana, halafu akasema vizuri. Bwana Dirisha alimleta dirishani siku moja kama mtu anavyoleta ng'ombe wa maonyesho, akawaambia walio kwenye benchi, mnamwona huyu? Alikuwa hoi. Mezeni dawa.

Kilichomvunja Bwana Dirisha kilikuwa kitu kidogo sana. Ilikuwa mchana wa mapumziko, amekuja kwa mdogo wake, wamekaa uani watatu: yeye, shemeji na mashuka yake, Dereva na soda yake ambayo haikuwa inapungua. Nyuma ya nyumba treni ikaja. Aliyekuwa akiiendesha ni msaidizi wa zamani, yule aliyefunika uso. Siku hizi amepanda cheo. Na yule kijana, kwa kumkumbuka mkubwa wake, hakupiga honi yake. Alipiga ya Dereva. Mbili fupi, moja ndefu, ikakatika.

Shemeji aliinuka. Hakufikiri, miguu ilimwinua, akashika sufuria, akafika nayo mpaka jikoni kabla hajakumbuka kwamba mtu wa kupikiwa amekaa palepale uani. Alisimama mlangoni na sufuria mkononi akamtazama mumewe. Bwana Dirisha naye akamtazama. Dereva alikuwa anatazama chupa ya soda.

"Honi ya nani hiyo?" kaka mtu aliuliza.

Dereva alifikiri kwa muda mrefu. Alisema ni ya treni.

Shemeji aliiweka sufuria chini polepole. Ni mwanamke wa maneno machache, na siku hiyo pia hayakuzidi.

"Shemeji, mimi nilikukabidhi mume anayelia," alisema. "Umenirudishia kabati."

Bwana Dirisha hakulala vizuri tangu hapo, na hakujiandikia dawa. Kesho yake alisubiri foleni iishe, akaingia kwa Daktari bila taarifa yoyote ya dalili. Alimuuliza swali ambalo hajawahi kuuliza tangu aajiriwe. Je, kama mdogo wangu hakuwa na chumvi iliyozidi wala iliyopungua? Kama alikuwa na jambo la kweli, na mtu wa kumwambia, na sisi tukakaa katikati? Daktari alivua miwani, akajikanda macho. Hakukasirika. Alisema huenda. Alisema analifikiria hilo kuhusu nusu ya watu wa benchi lile, yule aliyefiwa, yule anayepigwa na mumewe, yule aliyefukuzwa kazi, kisha mlango unafunguliwa anaingia mwingine. Alisema yeye ana kalamu na dakika chache, na kalamu yake inaandika dawa tu. Wangepunguza dozi kidogo kidogo, taratibu, si kwa pupa. Lakini alimtahadharisha. Lengo letu lilikuwa lile jambo lisimsumbue tena, alisema. Sasa halimsumbui.

Basi dozi ikapunguzwa, na kweli mikono ikaacha kutetemeka sana, na Dereva akaanza kumaliza soda yake. Bwana Dirisha akajipa moyo. Akasema majuto ni mjukuu, lakini mjukuu naye ana miguu, anaweza kutumwa. Akaenda kumtafuta yule mama.

Njia ilimpitisha pale palipotokea ajali. Hajawahi kufika, mwaka mzima, ingawa si mbali. Alikuwa ametegemea kuona zile mbao. Hata sijui alitegemea kuona nini hasa. Labda ufa, labda kisigino cha plastiki kimebana. Hakukuwa na mbao. Wakubwa wa reli walikuwa wamezing'oa baada ya ajali wakamwaga zege, safi, bapa, mpaka kwenye chuma. Watoto wa shule walikuwa wanavuka wanacheka. Akasimama pale mpaka mlinzi akamwuliza kama amepotea.

Alimkuta yule mama jikoni mwa shule, anasugua sufuria kubwa kuliko yeye. Alikitambua kiganja kabla ya uso. Mama alikuwa amekonda, na alimsikiliza bila kuacha kusugua. Bwana Dirisha alimwambia mdogo wake amepata nafuu na anaweza kuzungumza. Hakumwambia zaidi. Alitaka alisikie kwa mwenyewe, kwa mdomo uliolibeba. Aliona hiyo ndiyo haki, na pengine kwa mara ya kwanza alikuwa sahihi. Mama alifuta mikono, akavaa viatu, wakaenda. Njiani alisema neno moja tu, kwamba ameacha kwenda misibani, maana akifika watu wananyamaza.

Walimkuta Dereva sebuleni, amevaa shati alilonyooshewa na mkewe. Shemeji alileta kiti, akaleta maji, akasimama nyuma ya mlango kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Yule mama aliketi. Akamwambia Dereva yeye ni mama wa yule binti. Dereva akampa pole, kwa adabu, kama anavyofundishwa mtoto.

Kisha mama akamuuliza. Swali lilikuwa lile lile, neno kwa neno. Alikuwa amelibeba mwaka mzima bila kulidondosha.

"Alisimama akasubiri, mwanangu, au alitaka kutoka?"

Dereva alifungua mdomo. Bwana Dirisha alikuwa ameegemea ukuta, na midomo yake mwenyewe ilikuwa inacheza bila sauti: aligeuka, sema, aligeuka. Aliona kitu kinapita machoni mwa mdogo wake, kikaja karibu kabisa. Na Dereva akakifukuza, kama alivyofundishwa.

"Niliona mambo mengi wakati ule, mama," alisema. "Nilikuwa naumwa. Nilikuwa nasema kiatu, kiatu. Walinielewesha. Ilikuwa ugonjwa."

"Kiatu gani?"

"Hakuna kiatu, mama. Ilikuwa dalili. Muulize kaka."

Bwana Dirisha akatoka ukutani. Alipiga magoti mbele ya kiti cha yule mama, mtu mzima mwenye mvi, akayasema yote kwa kasi, ubao, chuma, mguu, jinsi alivyoinama, jinsi alivyogeuka, hakutaka kufa mama, alitaka kutoka, mdogo wangu aliniambia asubuhi ya kwanza kabla hajameza chochote. Akamgeukia mdogo wake, akamshika magoti, akamwomba. Sema, mdogo wangu. Ilikuwa kweli. Ulikuwa pale, wewe ndiye uliyekuwa pale. Dereva alimtazama kaka yake kwa wasiwasi. Akamuuliza, taratibu, kama naye ameanza kukiona kiatu.

Yule mama aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Uso ule mkavu ulitaka kuamini. Yeyote aliyekuwepo alikuona kule kutaka, kukamtia uchungu.

"Wewe ulikuwepo?" alimuuliza Bwana Dirisha.

"Sikuwepo, mama."

"Na mimi nilipokuja dirishani kwako nikiulizia, ulikuwa unayajua haya?"

"Nilikuwa nayajua."

"Ukaniambia hayana maana. Ni ugonjwa unaosema, nisiutilie maanani." Alisema bila hasira, kama mtu anayekagua mchele. "Aliyeona anasema haikuwa. Asiyeona anasema ilikuwa, na mwaka jana alisema haina maana. Mwanangu, nishike lipi? Naona unanihurumia tu."

Ndipo alipolia. Hakupiga kelele, alifunika uso kwa ile khanga na mabega yakawa yanapanda na kushuka, na kile kiganja chenye kovu kimeachwa juu ya paja, kimefunguka. Shemeji alitoka nyuma ya mlango akamkumbatia, naye akalia. Bwana Dirisha alibaki magotini. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi alikuwa chini ya mtu, anamwona mzima, kuanzia viatu mpaka kichwani, na hakuwa na neno hata moja linaloaminika la kumpa.

Dereva alimtazama yule mama akilia. Alisogea mbele kwenye kiti, uso umejaa huruma ya kweli, ile ile aliyokuwa nayo zamani, akakitazama kile kiganja kilichofunguka. Akamgusa kaka yake begani.

"Kaka," alisema, "huyu mama hajalala siku nyingi. Mpe dawa."